Dalili za Guangzhou

Makala niliyonayo mezani inaanza kwa neno ambalo mfasiri mwenye haraka ataliandika "sahihi". Kwa Kiingereza cha kila siku neno hilo ni lile jina ambalo mtu hulichora kwa mkono wake chini ya barua au hundi. Lakini Kiswahili kimeipa "sahihi" kazi mbili: ni alama ya mkono wa mtu, tena ni jambo lisilo na kosa. Ukiandika "Sahihi za upitishaji kamili", msomaji wetu atasikia kiapo, na waandishi hawakula kiapo. Walisema wameona mawingu, mvua hawakuitangaza. Kwa hiyo mimi nalisoma "dalili", lile la dalili ya mvua ni mawingu. Nimeisoma makala hiyo mara nyingi, na ninaona kwamba karibu kila kitu ndani yake, toka kichwa hadi michoro, kimejengwa kwa kulitii neno hilo. Pana mahali pamoja imeliasi, nitapafikia.

Ilitoka katika jarida la Nature mwezi Julai 2023. Anayetangulia katika orodha ya waandishi ni Hualei Sun, na kundi ni la Meng Wang wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, Guangzhou, kusini mwa China. Habari yenyewe ni hii. Kuna fuwele ya lantani, nikeli na oksijeni, La₃Ni₂O₇, ambayo atomu zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Ukiiacha kama ilivyo haina makuu. Ukiibana kwa shinikizo la gigapaskali 14 na zaidi, kisha ukaipoza, ukinzani wake wa umeme unaporomoka kwenye kelvini 80 hivi, kama unavyoporomoka katika superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila kuupoteza hata chembe njiani. Hali hiyo ya upitishaji kamili Heike Kamerlingh Onnes aliiona kwa mara ya kwanza Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, katika zebaki iliyopozwa hadi kelvini 4.2. Kelvini 80 ni namba nzito kwa sababu imeipita 77, kiwango ambacho nitrojeni ya kimiminika huchemka. Nitrojeni hupatikana kwa bei nafuu. Heliamu aliyoitegemea Onnes ni ghali na ina usumbufu. Kati ya oksidi zote, ni ukoo wa shaba peke yake uliokuwa umeuvuka mpaka huo wa 77.

Gigapaskali 14 ni takriban mara 138,000 ya shinikizo la hewa tunamoishi. Ili kulifikia, watafiti huweka almasi mbili ncha kwa ncha kama fuawe mbili za mhunzi, na katikati yake kipande cha fuwele kisichofika ukubwa wa punje ya chumvi. Kando ya kipande hicho hukaa chembe ya yakuti. Ukiimulika kwa leza hurudisha mwanga mwekundu, na rangi ya mwanga huo husogea kadiri mgandamizo unavyozidi. Hiyo ndiyo mizani yao. Nyaya nne nyembamba hupenyezwa ndani, mbili za kupeleka mkondo na mbili za kusoma volti. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila mstari utakaouona katika michoro ya makala umepita kwenye mlango huo mwembamba, na umetoka na michubuko yake.

Kwanza kichwa. Katika sayansi ya mgandamizo na baridi kali, kichwa cha makala ni ahadi yenye kipimo. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wa maabara ya IBM karibu na Zürich, walichapisha katika Zeitschrift für Physik habari ya oksidi ya bariamu, lantani na shaba. Neno lao la kwanza lilikuwa "yamkini". Mikononi walikuwa na mstari wa ukinzani. Kipimo cha sumaku kilikuwa bado. Mwaka uliofuata walipewa Tuzo ya Nobel, na "yamkini" yao imebaki pale pale kichwani hadi leo. Januari 1987 Paul Chu na wenzake wa Houston walichapisha matokeo ya oksidi za namna hiyo, ambamo kiwango kilikuwa kimevuka kelvini 40 walipozibana. Kichwa chao kikaanza na "ushahidi". Mwezi Machi, kundi hilo la Houston pamoja na Maw-Kuen Wu na wenzake wa Huntsville, Alabama, likatangaza kelvini 93 katika oksidi yenye itriamu, na safari hii hapakuwa na neno lolote la tahadhari mbele. Yamkini, ushahidi, kisha jambo lenyewe: ngazi tatu ndani ya mwaka mmoja hivi.

Katika kichwa hicho cha tatu pana maneno ya mwishoni ambayo nayapenda kuliko namba 93. Yanasema kwamba jambo hilo limetokea katika shinikizo la kawaida la hewa. Kwa nini mtu aseme kwamba hakubana? Kwa sababu alikuwa akibana. Mgandamizo ndio uliomwambia Chu kwamba atomu zikikaribiana kiwango hupanda, na hapo ndipo wazo la kubadili atomu kubwa kwa ndogo lilipopata nguvu: weka itriamu palipokuwa na lantani, na fuwele itajibana yenyewe kutoka ndani. Hayo maneno machache ya mwisho ni kovu la kazi nzima iliyotangulia. Msomaji anayeyaruka kana kwamba ni maelezo ya kiufundi ameikosa hadithi.

Linganisha na makala nyingine ya mgandamizo iliyotoka katika Nature Oktoba 2020, ya haidridi ya kaboni na salfa. Kichwa chake kilitamka upitishaji kamili katika joto la chumbani, bila "yamkini" wala "dalili". Septemba 2022 jarida liliiondoa. Sababu liliyoitoa ni kwamba kile kilichotolewa kama kelele ya nyuma kabla ya kuchora mistari ya sumaku kilitolewa kwa utaratibu usio wa kawaida ambao makala haikuueleza. Waandishi walishikilia kwamba data ghafi inawaunga mkono. Sisemi kwamba neno moja la tahadhari lingeiokoa kazi hiyo. Nasema kwamba kinachokatwa kabla ya mstari kuonyeshwa ni sehemu ya fani ya mstari, kama vile beti alizoziacha mtunzi ni sehemu ya utenzi wake, na msomaji ana haki ya kuuliza habari zake.

Sasa mstari wenyewe. Mhimili mlalo ni jotoridi, mhimili wima ni ukinzani. Jicho lililozoea herufi za Kirumi litaanza kushoto, nalo litakuwa limeanzia mwisho wa hadithi. Fuwele inapozwa, joto liko kulia na baridi iko kushoto. Mchoro huu unasomwa kama mswada wa zamani wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiusoma hivyo, kwanza unakutana na mteremko mpole, karibu umenyooka, wa kitu kinachopitisha umeme kwa namna ya kawaida na kupungukiwa ukinzani kidogo kidogo kadiri kinavyopoa. Kisha, karibu na kelvini 80, mstari unapinda bega na kuporomoka. Baada ya mporomoko unakuja mkia.

Hapo begani ndipo namba ilipotundikwa. Huu ni uamuzi, nao una uzito. Ungeweza kuitundika katikati ya mporomoko, au pale mstari unapogusa sakafu, na kila mahali pangekupa namba nyingine iliyo ndogo zaidi. Kupima kutoka begani ni desturi inayokubalika, na makala haifichi. Lakini tofauti kati ya 80 na 77 ni kelvini 3 tu, na bega la mstari si ncha ya sindano. Mimi naona kwamba "karibu na", maneno yaliyowekwa kichwani kabla ya 80, yana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Na mkia je? Katika makala hii ya kwanza mkia haukutua sakafuni kwa namna ya kumnyamazisha mwenye shaka. Hili ndilo jambo ninaloliheshimu zaidi. Mhimili ungeweza kuchorwa kwa kipimo ambacho kingeibana sakafu hadi macho yasitofautishe kidogo na sifuri. Waandishi wameuacha mkia uonekane. Sababu ya mkia huo inaeleweka ukikumbuka ule mlango wa almasi: fuwele ilizungukwa na chumvi ngumu, na chumvi haigawi mgandamizo sawasawa. Pembe moja ya fuwele inabanwa sana na nyingine inabanwa kidogo, kwa hiyo sehemu moja imeshavuka na nyingine bado iko upande wa huku. Huiqiu Yuan na kundi lake la Chuo Kikuu cha Zhejiang, Hangzhou, walipotumia kimiminika badala ya chumvi, fuwele ikabanwa kwa usawa pande zote, na mstari ukagusa sifuri. Matokeo hayo yalichapishwa 2024 katika Nature Physics. Mkia ule, basi, ulikuwa ukisema kweli kuhusu chombo. Aliyeukata angewanyima watu wa Hangzhou swali lao.

Mstari wa ukinzani una udhaifu mwingine, na huu hauponywi na kimiminika. Ni shahidi anayejua njia moja tu. Mkondo ukipata uzi mmoja mwembamba usio na ukinzani toka waya hadi waya, utapita humo humo, na mstari utashuka kana kwamba fuwele nzima imegeuka. Ndiyo maana sumaku inahitajika: tangu kazi ya Walther Meissner na Robert Ochsenfeld, Berlin, mwaka 1933, tunajua kwamba superkondakta ya kweli huusukuma nje uga wa sumaku, na ukubwa wa msukumo huo huonyesha ni sehemu gani ya mwili mzima iliyogeuka. Ndani ya fuawe za almasi kipimo hicho ni kigumu mno, maana koili inasikiliza punje huku chuma na almasi zikipiga kelele pembeni. Makala ya Guangzhou ina mwitiko wa sumaku, lakini hautoshi kumwambia msomaji ni kiasi gani cha fuwele kinachohusika. Kwa hiyo "dalili" ilistahili kukaa mbele.

Nije kwenye matabaka, maana humo ndimo fani inapoacha kuwa habari ya maandishi peke yake. Katika La₃Ni₂O₇ tabaka za nikeli na oksijeni huja mbili mbili, kama mishororo miwili inayotegemeana, kisha nafasi, kisha mbili tena. Kinachoifunga mishororo hiyo miwili ni atomu ya oksijeni iliyosimama katikati, na nikeli moja juu yake na nyingine chini. Katika hewa ya kawaida kiungo hicho kimepinda. Pembe yake ni nyuzi 168. Mgandamizo ukifika mahali pake kinanyooka, nyuzi 180, nikeli na oksijeni na nikeli katika mstari mmoja. Nyuzi 12 tu. Elektroni ambazo makazi yake yameelekea juu na chini, na ambazo kabla ya hapo hazikuwa na mchango katika mkondo, sasa zinaingia kazini kupitia oksijeni ile ya katikati. Katika ukoo wa shaba mazungumzo makuu huwa ndani ya tabaka. Hapa, kwa maelezo ya makala, yanahusu pia ngazi kati ya tabaka na tabaka.

Angalia kitenzi walichokichagua katika muhtasari. Wanaandika kwamba kutokea kwa upitishaji kamili kunakwenda sambamba na kuingia kazini kwa elektroni hizo. Hawakuandika kwamba kunasababishwa nako. Sambamba ni neno la mtu aliyeona vitu viwili vikipita barabara moja wakati mmoja na hajajua nani anamfuata nani. Ni "dalili" ile ile iliyobadili kanzu.

Maasi yako katika picha ya matabaka. Ramani ya muundo, na hesabu za elektroni zilizotegemea ramani hiyo, zinachora fuwele kamilifu: mbili, nafasi, mbili, nafasi, kila oksijeni mahali pake, kila kiungo kimenyooka. Hesabu haina namna nyingine, inahitaji kitu kinachojirudia. Lakini msomaji anayetoka kwenye mstari wenye mkia na kuingia kwenye picha isiyo na doa anapata sauti mbili tofauti katika kitabu kimoja, na picha ndiyo inayobaki kichwani. Fuwele halisi za aina hii hupungukiwa oksijeni hapa na pale. Isitoshe, mwaka 2024 makundi kadhaa yalionyesha kwamba fuwele zenye fomula ile ile zinaweza kupangwa kwa namna nyingine kabisa: tabaka moja, kisha tatu, kisha moja, kisha tatu. Hesabu ya atomu ni sawa, maana moja na tatu wastani wake ni mbili. Ni kama ubeti ambao jumla ya mizani yake imetimia, lakini vipande vimegawanywa visivyo. Mwenye kuhesabu silabi atasema ni ubeti ule ule; mwenye sikio atajua papo hapo kwamba si wenyewe. Fomula La₃Ni₂O₇, iliyoandikwa kwa ujasiri katika kila ukurasa, ni hesabu ya silabi. Haikuambii ugawaji.

Kundi jingine lilipobadili sehemu ya lantani kwa praseodimi, mpangilio wa mbili mbili ulitulia na sumaku ikaonyesha kwamba mwili wa fuwele, si uzi, ndio uliogeuka. Kichwa cha makala hiyo ya Oktoba 2024 katika Nature kinalisema hilo waziwazi, na mimi nakikubali, maana neno limekuja baada ya kipimo.

Umbo la mwisho ninalotaka kulisoma ni ramani ya shinikizo na jotoridi. Wanaofuatilia matabaka chini ya mgandamizo wamelizoea kuba. Mfano ulio safi zaidi kwangu ni wa TiSe₂, selenidi ya titani yenye matabaka, iliyochapishwa na kundi la Lausanne mwaka 2009. Elektroni zake, zikiachwa, hujipanga kwa mawimbi ya chaji. Mgandamizo unayavunja mawimbi hayo polepole, na pale yanapokaribia kufa, kati ya gigapaskali 2 na 4, kunainuka kuba dogo la upitishaji kamili ambalo kilele chake hakizidi kelvini 1.8. Kuba lina adabu zake: linapanda taratibu, linashuka taratibu, na upande wa kushoto linakaa chini ya kivuli cha mawimbi linayoyarithi. Ukiliona unajua kwamba mipangilio miwili inagombea elektroni zile zile.

Ramani ya La₃Ni₂O₇ haina kuba. Kundi la Guangzhou liliporudi mwaka 2024 na vipimo vilivyokaribia gigapaskali 100, umbo lililojitokeza lilikuwa pembetatu yenye pembe mraba: ukuta uliosimama upande wa kushoto kwenye gigapaskali 14, kilele karibu na 18, kisha mteremko mrefu unaozimika kabla ya 100. Ukuta una maana yake. Hapakuwa na kupanda taratibu kwa sababu kulikuwa na mlango: viungo vinanyooka, muundo unabadilika, na elektroni zinaikuta nyumba nyingine. Makala ya 2023 ilikuwa na ukuta huo tayari, lakini ukingo wake wa kulia ulikatika kwenye 43.5 na kuachwa wazi. Wengine wangeumalizia kwa mstari wa vitone ili jicho lipate kuba lake. Wao waliuacha, na pembetatu ikapata nafasi ya kujichora.

Desemba 2024 likaja jaribio la kuziondoa almasi. Watafiti wa Stanford waliotesha utando mwembamba wa La₃Ni₂O₇ juu ya fuwele nyingine ambayo atomu zake zimekaribiana zaidi, ili sakafu iubane utando kutoka chini kwa upande wake, siku zote, bila fuawe wala yakuti. Ni wazo la Chu la 1987 lililopata mwili mwingine, na kichwa chao, kama cha Houston, kinataja shinikizo la kawaida. Mstari wa ukinzani ulianza kuporomoka kati ya kelvini 26 na 42, kutegemea jinsi utando ulivyobanwa. Lakini sakafuni haukufika mpaka kelvini 2 hivi. Kati ya bega na sakafu pana mkia mrefu kuliko mporomoko wenyewe, na waandishi wanaueleza kwa makosa ya mpangilio wa matabaka, mipaka ya chembe na oksijeni isiyotimia. Mkia huo umechorwa wote, na neno la kwanza la kichwa chao ni "dalili".